Chulebuni na Kituo cha Ruiru: Historia ya Kuvu, Dawa na Mbegu

Chulebuni ni ugonjwa wa kuvu unaoshika ganda la tunda la kahawa likiwa bado bichi, kisha ukapenya hadi ndani na kuozesha punje kabla hazijakomaa. Shina hauliangushi wala majani hauyapukutishi. Mbuni ulioshikwa na chulebuni huweza kusimama shambani ukiwa umenawiri, ila mavuno hauna. Mkulima hugharamia palizi, mbolea na kupogoa mwaka mzima, na kinachopotea ni kile hasa alichokuwa akikihangaikia. Wazungumzaji wengi wa Kenya huutaja kwa herufi tatu tu, CBD, na ni vigumu kumpata mzee wa kahawa kati ya Ruiru na Thika ambaye herufi hizo hazimkumbushi msimu alioambulia patupu. Vita vya kuutibu viliendeshwa kwa muda mrefu zaidi katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kaunti ya Kiambu, mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye shamba lililoitwa Jacaranda.

Kahawa yenyewe haikuwa ya zamani sana nchini ugonjwa ulipozuka. Wamisionari Wafaransa waliipanda Bura, nchi ya Wataita, mwaka 1893, na miche yake ikapandwa baadaye katika misheni ya St. Austin's, Nairobi. Mbegu hiyo, ambayo hadi leo inaitwa French Mission, ndiyo iliyojaza mashamba ya walowezi Kiambu, Ruiru na Thika. Ilikuwa mbegu nzuri, lakini nasaba yake ilikuwa nyembamba: maelfu ya ekari zilipandwa mibuni iliyotokana na mama wachache, inayofanana kwa mengi, ikiwemo udhaifu wake.

Udhaifu huo ulijitokeza kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa serikali ya kikoloni, J. McDonald, aliuchunguza na mwaka 1926 akachapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu ugonjwa wa matunda mabichi ya kahawa katika koloni la Kenya. Hasara aliyoiona ilikuwa kubwa ajabu. Mashamba mengine yalipoteza hadi robo tatu ya mavuno, na baadhi ya walowezi wa maeneo ya juu ya magharibi waliing'oa kahawa wakapanda chai. Wataalamu wengi hukisia kwamba kuvu hiyo ilikuwako tangu zamani kwenye kahawa za mwituni za Afrika ya Kati na Mashariki, ikiishi na wenyeji wake bila fujo, hadi ilipokutana na Arabika ngeni iliyopandwa kwa msongamano katika nyanda za baridi.

Kwa miaka kadhaa Bonde la Ufa lilikuwa ukuta. Mashariki yake, ambako kahawa nyingi ya nchi ilikuwa imepandwa, watu waliusikia ugonjwa kama habari za mbali. Ukuta haukudumu. Ugonjwa ulivuka, na kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umeshika mizizi Kiambu na wilaya jirani. Hapo ulikuta kila kitu ulichokihitaji: mwinuko, ubaridi, mvua ndefu za Machi hadi Mei, manyunyu na ukungu wa Juni na Julai, na zaidi ya yote mibuni inayochanua mara mbili kwa mwaka.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuelezwa. Katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua, mbuni huzaa, huvunwa, kisha hukaa miezi kadhaa bila tunda, na kuvu ya tundani hukosa makao. Kiambu na Thika zina misimu miwili. Maua ya Machi na Aprili huleta mavuno makuu ya mwisho wa mwaka, na maua ya mvua za vuli huleta mavuno madogo ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo mti mmoja hubeba matunda ya rika mbili kwa wakati mmoja, na tawi hilohilo lenye matunda ya kuiva huyaambukiza machanga yaliyo chini yake.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Kwenye ganda la kijani hutokea doa dogo la kahawia, lililobonyea kidogo kama limekandamizwa kwa ncha ya kidole. Kukiwa na unyevu doa hupanuka kwa siku chache tu, huwa jeusi, na juu yake hutoka utando wa rangi ya waridi iliyopauka. Utando huo ni spora, mbegu za kuvu, maelfu kwa maelfu. Haziruki kwa upepo mkavu kama zile za kutu ya majani. Zimenata, zinangoja maji. Tone la mvua likizipiga huzirushia tunda la jirani au huzitiririsha tawini hadi kichala cha chini. Zikipata maji ya kulowesha ganda kwa saa chache, huota na kupenya. Tunda changa hudondoka, na lililokwisha kutanuka husinyaa tawini likabaki jeusi na kavu, punje zikiwa zimeoza na ganda limegandamana nazo hata mashine ya kumenya hailiwezi. Mara nyingine mti au hali ya hewa hushinda, na doa hugeuka kovu la rangi hafifu lisiloendelea. Tofauti kati ya doa na kovu ilikuja kuwa na maana kubwa Ruiru, maana iliwaonyesha watafiti kwamba ganda lenyewe lina uwezo wa kujitetea.

Utafiti wa kahawa nchini ulianza kabla ya ugonjwa, na katika miaka ya 1930 kitovu chake kilikuwa Maabara ya Scott, Kabete. Huko ndiko zilikochaguliwa SL28 na SL34, mbegu zilizoipatia kahawa ya Kenya sifa yake ya uchachu safi na utamu wa matunda katika soko la dunia. Zote mbili hushikwa vibaya na chulebuni. Mwaka 1944 serikali ilinunua shamba la Jacaranda karibu na Ruiru ili liwe kituo kikuu cha kahawa, na baada ya vita kazi ikahamia huko. Uteuzi wa mahali ulikuwa wa busara. Mtafiti aliyefungua dirisha Ruiru aliuona ugonjwa uleule uliomsumbua mkulima, katika mvua ileile.

Dawa ya kwanza ilikuwa shaba. Wakulima wa mizabibu wa Ufaransa walikuwa wametumia mrututu uliochanganywa na chokaa tangu karne ya 19, na mashamba ya Kenya yalikuwa tayari yakinyunyiza dawa za shaba dhidi ya kutu ya majani. Shaba ilikuwa na faida nyingine iliyowavutia wakulima: mti ulionyunyiziwa ulishikilia majani yake kwa muda mrefu zaidi na kuonekana wenye nguvu. Swali lilikuwa ni lini inyunyizwe ili iokoe matunda.

Jibu la kwanza lilitolewa na F. J. Nutman na F. M. Roberts, watafiti waliochapisha uchunguzi wa kina kuhusu kuvu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waligundua kwamba gome changa la vitawi hutoa spora hata wakati mti hauna tunda. Kutokana na hilo wakasema chanzo cha maambukizi ni gome, na kwamba dawa ipigwe mapema, kabla ya mvua ndefu na kabla ya maua, ili kuvu ikatwe makali kwenye maficho yake. Ushauri huu ulipendeza kwa sababu ulikuwa na mantiki na gharama nafuu: raundi chache za dawa wakati wa kiangazi, njia zikipitika na vibarua wakipatikana. Wakulima wakaufuata.

Kisha zikaja mvua za 1967 na 1968. Zilikuwa nyingi, zikaendelea kupita kiasi, na mashamba yaliyopigwa dawa mapema kisha yakaachwa yakapata hasara kubwa. Lililowashtua watafiti zaidi ni kwamba katika baadhi ya majaribio miti iliyonyunyiziwa mapema iliugua kuliko ile ambayo haikuguswa na dawa yoyote.

Mwaka 1969 J. N. Gibbs alionyesha kwamba, tunda la kwanza likishaugua, gome halina tena uzito mkubwa. Chanzo kikuu cha spora ni matunda yenyewe yenye ugonjwa. Mwaka uliofuata Mkenya S. K. Mulinge alipima hatua za ukuaji wa tunda na kuonyesha ni lini liko hatarini: tangu linapoanza kutanuka, wiki ya nne hivi baada ya maua, hadi karibu wiki ya 14. Likishakuwa gumu na la kijani hustahimili, na likianza kuiva hulegea tena. Matokeo hayo mawili yalitoa kanuni mpya. Dawa ilinde tunda, wala si gome, na ilinde katika kipindi chote cha mvua, tunda linapokua na kuachia ganda jipya lisilo na kinga kila wiki. Mwaka 1971 E. Griffiths, Gibbs na J. M. Waller walikusanya ushahidi wa utaratibu huo, na ndio uliokuwa msingi wa mapendekezo ya Ruiru kwa miongo iliyofuata: kunyunyiza kuanzia Februari hadi Julai, kila baada ya wiki tatu au nne.

Kuhusu miti iliyougua zaidi kwa kutibiwa, maelezo yaliyopatikana ni mojawapo ya matunda bora ya kazi ya Ruiru, na yanastahili kujulikana nje ya duru za kahawa. Gome la mbuni lina wakazi wengi wa aina ya kuvu, na wengi wao hawana madhara. Hata katika jamii ya Colletotrichum, ambamo kuvu ya chulebuni imo, Gibbs alitofautisha aina nne zinazoishi juu ya mti mmoja, na moja tu ndiyo inayoua tunda bichi. Hizo nyingine hugombania nafasi na chakula, na ugomvi wao huibana ile mbaya. Dawa ya shaba haichagui. Huua wapole pamoja na mkorofi, na dawa inapoisha nguvu, mkorofi huweza kurudi wa kwanza na kukuta uwanja mtupu. Ndiyo maana mti ulioanza kutibiwa haukuweza kuachwa katikati ya msimu: aliyepiga dawa mara mbili kisha akaishiwa pesa alijikuta pabaya kuliko jirani yake ambaye hakupiga kabisa.

Kwa mashamba makubwa ya Ruiru na Thika, yenye matrekta na mashine za kupuliza, kanuni mpya ilitekelezeka ingawa kwa gharama. Kwa mkulima mdogo ilikuwa habari ngumu. Waafrika walikuwa wamezuiwa kulima kahawa karibu na walowezi kwa miaka mingi. Ruhusa ilianza kwa kubana katika miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, na ikapanuka tu baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika. Kufikia wakati wa mvua za 1967, maelfu ya familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri zilikuwa na mibuni mia chache kila moja, kwenye miteremko ambako trekta haifiki. Kunyunyiza kulimaanisha bomba la mgongoni, maji ya kubebwa kutoka mtoni, na dawa ya mkopo wa chama cha ushirika iliyokatwa kwenye malipo ya mavuno. Raundi saba au nane kwa mwaka, katika matope, kwa bei ya kahawa isiyotabirika. Gharama ya kupambana na magonjwa ya kuvu imekadiriwa kufikia karibu theluthi moja ya gharama zote za kuzalisha kahawa, na katika mwaka wa mvua nyingi asiyeitoa huweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mazao.

Kwa muda ilionekana kwamba kemia mpya ingeleta nafuu. Captafol na chlorothalonil zilifanya kazi vizuri kuliko shaba dhidi ya chulebuni. Benomyl na carbendazim zilileta matumaini zaidi kwa kuwa huingia ndani ya tishu za mmea na kuhitaji kipimo kidogo. Matumaini hayo yalikuwa mafupi. Mwaka 1976 D. M. Okioga aliripoti kuwepo kwa aina za kuvu zisizodhurika tena na dawa za kundi hilo, baada ya misimu michache tu ya kuzitumia. Captafol nayo baadaye ilipigwa marufuku kwa madhara yake kwa afya ya binadamu. Shaba, dawa ya zamani isiyochagua, ndiyo iliyobaki mikononi mwa wengi, kwa sababu kuvu haikuweza kuizoea kwa urahisi.

Wakati huohuo upande mwingine wa kituo ulikuwa ukifuata njia ndefu zaidi. Kwa msaada wa Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulianzishwa mpango wa kuzalisha mbegu yenye ukinzani, ukiongozwa na H. A. M. van der Vossen, ambaye alifanya kazi kwa karibu na Mkenya D. J. Walyaro. Malighafi ilikuwapo, ila ilikuwa imetawanyika. Rume Sudan, kahawa iliyotoka uwanda wa Boma katika Sudan Kusini ya leo, ilistahimili sana lakini ilizaa kidogo. K7, iliyochaguliwa Muhoroni kutokana na French Mission, ilikuwa na ukinzani wa kiasi. Chotara wa Timor, mmea uliotokana na Arabika na Robusta kujamiiana zenyewe kisiwani Timor, ulibeba ukinzani wa chulebuni na wa kutu ya majani pia. Mwaka 1980 van der Vossen na Walyaro walionyesha kwamba ukinzani wa mimea hiyo unaongozwa na jeni tatu, na kwamba zaidi ya moja zinaweza kuunganishwa katika mmea mmoja.

Kikwazo kilikuwa muda. Mbuni huchukua miaka mitatu hivi kuzaa, na kusubiri kila mche uzae ndipo ujulikane kama utaugua kungemaliza maisha ya mtafiti. Ruiru ikabuni kipimo cha haraka, kilichochapishwa 1976. Miche ya wiki sita, ambayo bado ni kijiti chembamba kilichobeba punje kichwani, hunyunyiziwa maji yenye spora na kuwekwa kwenye unyevu mwingi na ubaridi. Wiki tatu baadaye vijiti hukaguliwa kimoja kimoja: vingine vimekatika kwa weusi, vingine vina kovu dogo tu. Tabia ya kijiti hicho hulingana kwa kiasi kikubwa na tabia ya tunda la mti utakaotokana nacho. Maelfu ya miche ikachujwa kwa miezi badala ya miaka.

Zao la kazi hiyo lilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa jina la Ruiru 11. Mama yake ni Catimor, mbuni mfupi uliotokana na Chotara wa Timor na Caturra. Baba zake ni miti iliyochaguliwa kutokana na mchanganyiko wa SL28, SL34, Rume Sudan, K7 na nasaba nyingine. Ufupi wake uliruhusu mibuni 2,500 kwa hekta badala ya 1,330 ya kawaida, nao uliwahi kuzaa. Mkulima aliyeupanda angeweza kuacha dawa za chulebuni.

Lakini Ruiru 11 ni chotara wa kizazi cha kwanza, na mbegu zinazookotwa chini yake hazirithi sifa zote sawasawa. Kila mbegu inayouzwa inapaswa kutengenezwa kwa mkono, na kazi hiyo haijapata kusifiwa inavyostahili. Ua la Arabika hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla au mara tu linapofunguka. Mfanyakazi wa bustani ya mbegu hulazimika kuliwahi likiwa bado limefumba, kuvuta petali zake ili stameni zitoke nazo, na kubakisha kikonyo chembamba cha kike bila kukijeruhi. Tawi hufunikwa lisiguswe na chavua ngeni. Siku ya pili au ya tatu hufunuliwa, chavua ya baba aliyechaguliwa ikapakwa, kisha tawi likafunikwa tena. Yote hayo katika siku chache za maua ambazo mti hutoa, tawi baada ya tawi. Kila tunda linalotokana na kazi hiyo lina mbegu mbili. Si ajabu kwamba mahitaji ya miche yaliizidi bustani kwa miaka mingi, hata kituo kikahimiza pia kupandikiza Ruiru 11 juu ya visiki vya SL28 vya zamani, ambavyo mizizi yake huenda chini zaidi na kuvumilia ukame.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kikombe. Wanunuzi wengi walishikilia kwamba damu ya Robusta iliyopitia Timor imepunguza ladha, na wakaendelea kulipia jina la SL28. Waonjaji wa kituo walisema inapotunzwa na kumenywa vizuri tofauti ni ndogo. Mkulima alibaki katikati, akichagua kati ya mti usiougua na mti unaosifiwa. Ethiopia, ambako chulebuni iligunduliwa 1971, ilipata njia fupi zaidi: watafiti wa Jimma waliingia kwenye misitu ya kahawa ya nchi yao wakatafuta miti iliyobaki na matunda safi katikati ya iliyoharibika, na mbegu kama 74110, iliyochaguliwa 1974, ikatokana na msako huo. Kenya haikuwa na misitu ya namna hiyo. Ilibidi iunganishe kwa mkono kile ambacho kwa Ethiopia kilikuwa kimekwisha kuungana chenyewe.

Kuvu yenyewe ilipata jina lake la sasa mwaka 1993. Hadi wakati huo ilikuwa ikichanganywa na Colletotrichum coffeanum, iliyoelezwa kutoka Brazili mwaka 1901 na ambayo haiui tunda bichi. Ilipotenganishwa rasmi iliitwa Colletotrichum kahawae. Hadi leo iko Afrika pekee, na nchi za Amerika ya Kusini huiogopa hata kutafuta mbegu kinzani kabla haijafika.

Mwezi Septemba 2010 Ruiru ilitoa mbegu nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya. Ilitokana na kurudisha miti kinzani kwa SL28 na SL34 kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa na umbo refu na kikombe kinachokaribia cha wazazi hao, huku ikibaki na kinga dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Zaidi ya hayo, haihitaji kuchavushwa kwa mkono: mbegu zake huzaa miti inayofanana na mama. Kituo chenyewe, kilichoendeshwa kwa miongo mingi na Wakfu wa Utafiti wa Kahawa, sasa ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO, lililoanzishwa kwa sheria ya 2013.

Mazingira ya kituo yamebadilika kuliko ugonjwa. Mavuno ya nchi, yaliyokaribia tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, yameshuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Kuvunjika kwa mkataba wa kimataifa wa bei mwaka 1989 kulichangia, na bei ya ardhi kando ya barabara ya Thika ikamaliza yaliyosalia, hata mashamba ya kahawa ya Ruiru yakageuka mitaa na miji mipya kama Tatu City. Mibuni mingi iliyobaki Kiambu na Murang'a bado ni SL28 na SL34, na kwa wenye nayo ratiba ya 1971 haijapitwa na wakati: kupogoa ili hewa na jua vipite, kuokota na kuondoa matunda meusi, kutoacha mavuno ya msimu mmoja yakutane na ya msimu mwingine pale inapowezekana, na kupiga shaba mvua ikianza, bila kuacha katikati, hadi tunda liwe gumu.